Nadhiri ya kwenye kitanda cha magurudumu: uchambuzi wa kisa

Kabla ya kisa

Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya mwenyewe. Nitamwita Bi N. Nimeondoa mahali, nimebadili idadi kadhaa na baadhi ya mambo ya kazi yake ili asitambulike, naye ameisoma rasimu. Kila alipoweka alama ya "hapa sikuwa hivi", nilifuta bila ubishi.

Mimi ni mshauri nasaha. Wengi wanaokuja kwangu wametoka hospitali: ajali, uzazi uliokwenda kombo, moyo uliosimama ukarudi. Wengi wao hurudi nyumbani na kitu kisichoandikwa kwenye fomu ya ruhusa, nacho ni ahadi waliyompa Mungu wakiwa wamelala chali. Hatukufundishwa la kufanya na ahadi hiyo. Mimi kwa huyu niliikosea, na sehemu kubwa ya maandishi haya imetokana na kosa hilo.

Usuli

Bi N alikuwa na miaka 36, ameolewa, ana watoto wawili. Yeye na mwanamke mwenzake waliendesha karakana ya kushona sare. Walikuwa na cherehani 14, mafundi 11, na mkataba wa ushirika ulioandikwa vizuri: yeye asilimia 60, mwenzake 40. Alianza na cherehani moja ya kukanyaga. Kufika hapo kulimchukua miaka tisa.

Alikuwa mtu wa zabuni. Watu wengine hulala na riwaya kando ya mto, yeye alilala na makabrasha ya zabuni, akipigia mstari masharti kwa kalamu nyekundu. Nilipomuuliza kama ni pesa zilizomsukuma, alifikiri, kisha akajibu kwa unyofu ulionifurahisha: "Pesa nazipenda. Lakini nilipenda zaidi kushinda. Kuona jina letu la kwanza kwenye orodha."

Dini yake ilikuwa ya kawaida. Alisali, alifunga, zaka aliihesabu kila mwaka kwa daftari. Adhuhuri mara nyingi ilimpita kwenye meza ya kukatia, akailipa jioni pamoja na alasiri. "Swala yangu ilikuwa ya kukimbizana," alisema. Na kulikuwa na jambo moja ambalo hakulitaja hadi miezi mingi baadaye: mishahara ya mafundi aliizoea kuishikilia mpaka mteja alipe. Mteja akichelewa miezi miwili, fundi naye alingoja miezi miwili. Aliita hali hiyo "kuvumiliana". Mafundi sijui waliiitaje.

Wiki ya zabuni

Jumatatu alianza kuumwa tumbo la chini, upande wa kushoto. Kulikuwa na damu kidogo, akadhani ni hedhi iliyochelewa na kuja vibaya. Akameza dawa ya maumivu. Siku ya mwisho ya kuwasilisha zabuni ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni.

Alhamisi bega la kulia likaanza kumuuma, maumivu ya ajabu yaliyozidi kila alipolala. Akajiambia ni majora ya vitambaa aliyosaidia kuyashusha. Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu msomaji wa kike anaweza kulihitaji jambo hili kuliko yote mengine yaliyomo humu. Mimba ikitunga nje ya mfuko wa uzazi, mara nyingi kabisa hutunga ndani ya mrija, na mrija haukuumbwa kutanuka. Ukipasuka, damu humwagika tumboni, hupanda na kuusumbua msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na mishipa ya fahamu ya hapo hulipeleka umivu begani. Mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya tumbo, damu isiyoeleweka na bega linalouma bila sababu hapaswi kungoja kesho.

Bi N alingoja. Ijumaa aliikabidhi bahasha, akapewa risiti, akaanguka ngazini.

Hospitali kipimo cha mimba kilionyesha ana mimba. Yeye mwenyewe hakuwa akijua. Walipomfungua walikuta karibu lita 2 za damu tumboni. Mwili wa mwanamke wa umbo lake hubeba lita 4 na nusu hivi, kwa hiyo alikuwa amebakiwa na kidogo zaidi ya nusu. Mrija wa kushoto uliondolewa. Aliongezewa chupa nne za damu na kulazwa siku mbili kwenye chumba cha mahututi. Aliruhusiwa siku ya saba.

Maneno ya kwenye kitanda

Kati ya mapokezi na chumba cha upasuaji alikuwa na fahamu, japo za kupotea na kurudi. Anakumbuka muuguzi akimkata gauni kwa mkasi. "Mkasi ulikuwa butu," aliniambia. "Nikawaza, mkasi butu hivi unachana uzi, haukati. Niko nakufa, nawaza mkasi." Anakumbuka pete yake ikivuliwa kwa sabuni, na dada yake mkubwa akiivaa yeye kwenye kidole gumba ili isipotee.

Kisha, kwa kumbukumbu yake, akasema kwa sauti: "Ya Rabbi, ukinitoa hapa, biashara siigusi tena. Maisha yangu yaliyobaki ni Yako." Kitanda kikaingia, akapigwa nusu kaputi, akalala.

Miezi mitatu ya mwanzo

Yafuatayo ni maamuzi yake kwa mpangilio yalivyokuja. Nimejitahidi kuyaeleza kwa sababu alizokuwa nazo wakati ule. Tukiyahukumu kwa matokeo yake tu, hatutajifunza kitu.

Wiki ya tatu alitoa cherehani 6 kwa kituo cha mayatima, na theluthi mbili za akiba yake akazigawa sadaka. Hoja yake ilikuwa rahisi: uhai aliurudishiwa bure, na mali ndiyo iliyotaka kumuua. Mumewe, mtu mpole, alinyamaza. Baadaye aliniambia: "Ningesema nini? Mtu ametoka kaburini anamshukuru Mola wake, mimi nimwambie hesabu?"

Wiki ya nne, angali na mshono, simu ikaja: zabuni wameshinda. Seti 1,800 za sare, siku 90, na malipo ya awali yangeingia wiki ile. Alilia kwa hofu. Aliona kuwa ule ushindi ni mtihani, kwamba anapimwa kama ahadi yake ilikuwa ya kweli. Akampigia mshirika wake na kumwambia amejitoa. Mshirika, ambaye alikuwa fundi hodari na hajawahi kuongea na benki maishani, aliipokea kazi kwa sababu malipo ya awali yalikwisha kuingia kwenye akaunti.

Mwezi wa pili alianza kuamka usiku kusali. Saa nane, saa tisa, mpaka alfajiri. Watu wa nyumbani walimwona kuwa amepata nuru, majirani wakamwomba dua.

Mimba haikutajwa. Wageni wote waliokuja kumpa pole walisema "alhamdulillahi umepona", na ni kweli, alipona. Lakini alijua kuwa ana mimba na kwamba ameipoteza ndani ya saa moja, na hakuna aliyempa pole ya hilo. Yeye mwenyewe alilipiga marufuku: dada yake alipojaribu kulisema, alitoka chumbani.

Mwezi wa tatu karakana ilizama. Cherehani 8 hazikutosha, mkataji aliondoka, seti 700 ndizo zilizokuwa tayari siku 90 zilipokwisha. Mafundi walikuwa hawajalipwa miezi miwili. Wawili kati yao walikwenda nyumbani kwa Bi N asubuhi moja, wakamkuta juu ya mswala, wakaketi barazani wakingoja amalize. Hakumaliza. Walipoondoka, binti yake wa miaka kumi aliwasindikiza hadi mlangoni na kuwaambia, "Mama siku hizi hamalizi."

Alipofika kwangu, na nilipokosea

Dada yake ndiye aliyemleta, mwezi wa nne. Nilimkuta na dalili ambazo mshauri yeyote angezitambua: picha za hospitali zikimrudia bila kuitwa, kushtuka kwa mlio wa magurudumu ya toroli sokoni, kukwepa barabara ya hospitali, kushindwa kufurahi na watoto. Dalili za namna hii zikizidi mwezi mmoja na kuvuruga maisha, tunazungumza juu ya maradhi ya kiwewe, na yanatibika. Mpaka hapo nilikuwa sawa.

Kikao cha pili alinieleza nadhiri. Nikafanya nilichozoea. Nikamwambia kwa upole kwamba maneno yale aliyasema akiwa katika hofu kubwa, ubongo wake umepungukiwa damu, na kwamba Mungu mwenye huruma bila shaka anaelewa. Kikao cha tatu nikaenda mbali zaidi na kuanza kupanga naye arudi karakanani, nusu siku kwa wiki, tuone.

Hakurudi kwangu kwa wiki tano.

Nilijitetea kwanza. Nikasema hayuko tayari. Kisha dada yake akanipigia na kunipa ujumbe wake, ambao nimeuandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu: "Mwambie nilikwenda kutibiwa usingizi, si kufutiwa deni na mtu asiyenidai."

Alikuwa sahihi. Nadhiri haikuwa mali yangu kuisamehe. Kumwambia mtu wa dini kwamba Mungu anaelewa, bila ya kuwa na elimu ya kusema hivyo, ni kujipa madaraka ambayo sina. Zaidi ya hayo, nilichomwambia kilimtia hofu mpya: sasa alikuwa na mtu mwenye cheti anayemshawishi avunje ahadi. Mtihani mwingine.

Kwa ustadha

Nilimwomba dada yake wamtafute mwalimu wa dini wanayemwamini, awe mwanamke ikiwezekana, nami nikaomba ruhusa ya kuzungumza naye. Walimpata ustadha mmoja mtu mzima, mjane, aliyefundisha wanawake fiqhi, yaani sheria za dini, kwa miaka mingi. Yaliyotokea huko nimeyapata kwa Bi N, kwa dada yake na kwa ustadha mwenyewe, na masimulizi yao matatu yanakubaliana isipokuwa mahali pamoja, ambapo ndipo penye uzito.

Ustadha hakuanza kwa kumtuliza. Alianza kwa kuuliza kama kadhi: "Ulitamka nini hasa, mwanangu? Neno kwa neno."

Bi N akayarudia maneno yake. Dada yake, aliyekuwa ameshika kitanda kile kwa mkono wenye pete mbili, akasema polepole: "Mdogo wangu, sikusikia biashara. Nilikusikia ukisema watoto wangu, watoto wangu, halafu ukasema, nitakuwa wako."

Walitazamana. Hakuna wa kuamua. Mmoja alikuwa anakufa, mwingine alikuwa anamwona mdogo wake akifa.

Ustadha akasema hata tukichukua maneno kama Bi N anavyoyakumbuka, yana sehemu mbili. Kujitoa kwa Mola ni ibada, na nadhiri ya ibada hutekelezwa. Kuacha biashara ya halali si ibada. Ni kujinyima kitu kilichoruhusiwa, na hapo wanazuoni wamekhitilafiana: wapo wasemao haimlazimu kitu, wapo wasemao achague baina ya kutekeleza na kutoa kafara ya kiapo. Akamtajia dada wa Uqba bin Amir, sahaba wa Mtume, aliyeweka nadhiri kwenda Al-Kaaba kwa miguu, na Mtume akaelekeza atembee na apande mnyama pia. "Nia yake haikukataliwa," alimwambia. "Kilichokataliwa ni kujiumiza kusikokuwa na faida." Akamshauri achukue njia ya tahadhari, alishe maskini kumi kwa chakula cha wastani anacholisha watu wake, kama ilivyo katika Sura ya Al-Maida, aya ya 89.

Kisha akaja kwenye mambo ambayo mimi nisingeyafikia hata kwa vikao ishirini. Akauliza cherehani zile sita zilikuwa za nani.

"Zangu, ustadha."

"Zote?"

Asilimia 40 zilikuwa za mwenzake. Alikuwa ametoa sadaka kitu cha mtu. Ustadha akauliza mafundi wanadai nini. Akauliza malipo ya awali ya sare ambazo hazijashonwa yako wapi. Bi N anasema alijibu kila swali huku sauti ikizidi kushuka. Mwishowe ustadha akamwambia: "Umekimbia dunia ukaacha haki za watu humo humo. Rudi ukazitoe. Ukishazitoa, ukitaka kuacha biashara, acha kwa heshima."

Alimsimulia pia habari ya sahaba Saad bin Abi Waqqas, aliyeugua sana wakati wa Hija ya kuaga, ile ya mwisho ya Mtume, akadhani anakufa, akataka kutoa mali yake yote. Mtume alimzuia hadi theluthi, na akasema theluthi nayo ni nyingi. Kilichomgusa Bi N hakikuwa kiwango cha sadaka. Ni kwamba Saad hakufa. Aliishi zaidi ya miaka 40 baada ya ugonjwa ule. "Sikuwahi kupanga kuishi," aliniambia aliporudi kwangu. "Nilijipanga kama mtu aliyeongezewa wiki mbili."

Kazi ya miezi kumi

Aliporudi, nilimwomba radhi kwanza. Kisha tukagawana kazi: nadhiri na haki za watu kwa ustadha, usingizi na kiwewe kwangu, na mambo ya tumbo kwa daktari.

Tulianza na usingizi, na hapo likafunuka jambo lililokuwa limefichwa na sifa za majirani. Nilimtaka aniandikie kila usiku nini kinatokea dakika ya mwisho kabla hajaamka kusali. Siku ya nne aliandika: "Usingizi ukinijia unakuja kama ile barakoa ya kaputi. Naamka haraka. Nasali ili nisilale." Alipoona mwandiko wake mwenyewe alikaa kimya muda mrefu. Alikuwa akiiita khushui, unyenyekevu wa moyo katika swala. Ilikuwa ni hofu iliyovaa khushui, na nasema hivyo kwa sababu yeye ndiye aliyesema hivyo kwanza.

Safari hii nilinyamaza, nikamwachia alipeleke kwa ustadha. Akarudi na kisa cha kamba ya Zainab: Mtume aliingia msikitini akaona kamba imefungwa kati ya nguzo mbili, akaambiwa ni ya Zainab, mkewe, akichoka kusali huishika. Akaamuru ifunguliwe, mtu asali akiwa na nguvu na akichoka akae. Basi Bi N akapewa ruhusa ya kulala na mtu anayeweza kuitoa, nami nikapata nafasi ya kufanya kazi yangu: kuandika tukio lote tangu Jumatatu hadi chumba cha mahututi, kulisoma kwa sauti, kulisoma tena, hadi likawa kisa kilichokwisha kutokea. Tulikwenda hospitali pamoja mara tatu. Mara ya kwanza hatukuvuka geti.

Daktari wake alitoa dakika ishirini tu, lakini zilikuwa na uzito. Bi N alikuwa akiamini kwamba biashara ndiyo iliyoiua mimba: kuinua majora, kukosa usingizi, tamaa. Daktari akamweleza kwamba mimba hutunga nje kwa sababu za mrija, kama makovu ya maambukizi au upasuaji wa zamani, na wanawake wengi hawana sababu yoyote inayoonekana, kazi haimo. Mimba iliyotunga kwenye mrija haiwezi kuhamishiwa mfukoni, isingeokoka kwa kupumzika wala kwa dua ya mapema. Kilichosababishwa na wiki ya zabuni ni ucheleweshaji. Kama angefika Jumanne, huenda lingekuwa jambo la dawa au upasuaji mdogo.

Nimeuona uzito ukimtoka mtu mara chache katika kazi hii. Hii ilikuwa mojawapo. Hakulia kwa furaha, alilia kwa mimba, miezi saba baada ya kuipoteza. Mumewe alikuwepo. Ndiye aliyesema, kwa mara ya kwanza nyumbani mwao, "Pole, mama."

Karakanani alirudi bila ya kuwa ameamua kama atabaki. Alirudi kulipa. Alimlipa mshirika thamani ya asilimia 40 ya cherehani sita kwa mafungu, mayatima hawakuguswa. Alikwenda mwenyewe kwa mteja, akaeleza, akaomba muda, akapewa wiki sita na kukatwa faini. Seti 1,100 zilizobaki zilishonwa kwa zamu mbili. Mafundi walilipwa malimbikizo kabla yake yeye kuchukua chochote. Kazi ile haikumwachia faida hata ya kununulia uzi.

Hali baada ya mwaka na nusu

Alibaki. Karakana ina cherehani 10 na mafundi 9. Mishahara hutoka tarehe 28, mteja awe amelipa au hajalipa, kutoka kwenye akaunti ya pembeni ambayo hawezi kuigusa bila saini ya mshirika. Adhuhuri ikiingia umeme wa cherehani huzimwa kwa dakika ishirini. Fundi asiyesali hupumzika. Zabuni anaomba mbili kwa mwaka, zamani zilikuwa saba au nane. Hulala kwa muda wa saa sita karibu kila usiku, na taa inawaka. Usiku wa kuamkia Ijumaa huamka kusali, akijisikia.

Mshirika hakuondoka, lakini urafiki wao haukurudi. Wanazungumza kazi tu. Bi N ameomba msamaha mara mbili na amejibiwa, "Nimekusamehe," kwa sauti ile ambayo sote tunaijua.

Uchambuzi

Tukilitazama juu juu, hili ni suala la imani kushindana na tamaa ya maendeleo. Nililiona hivyo, na kwa sababu hiyo nikawa naye katika kuvutana: yeye anavuta kuelekea mswala, mimi kuelekea karakana. Lakini alipokuwa akikimbia biashara hakuwa akiifuata imani, na alipokuwa akiikimbilia zamani hakuwa akiikimbia imani. Kulikuwa na vitu vitatu vimesukwa pamoja: kiwewe kilichomnyima usingizi, lawama ya uongo juu ya mimba, na ahadi ya kweli. Kila kimoja kilikuwa na mtu wake wa kukifungua. Mmoja wetu alipojaribu kufungua fundo lisilo lake, alilikaza.

Ningekuwa nimesoma kwanza ningeuliza maswali ya ustadha kabla ya kutoa faraja. Sijawa mwalimu wa dini, lakini kumuuliza mtu "ulisema nini hasa, na nani alikuwepo" hakuhitaji cheti, na jibu la dada yake peke yake lilionyesha jinsi kumbukumbu ya mtu aliye katika mshtuko wa kupungukiwa damu isivyoweza kubeba mzigo wa uamuzi wa maisha.

Mumewe na majirani hawakumdhuru kwa makusudi. Shida ni kwamba ucha Mungu unaotokea ghafla hauulizwi. Mtu akirudi kutoka mautini akaanza kunywa pombe, ukoo mzima utakaa kikao. Akianza kukesha akisali na kugawa mali, ataombwa dua. Laiti mtu mmoja angeuliza, kwa heshima, "unalala?", tungeokoa miezi miwili na ajira ya watu wawili ambao hawakurudi.

Kuhusu cherehani bado sina uhakika. Kuna mwenzangu anayeona kwamba kituo cha mayatima kingeelezwa na kurudisha mbili au tatu, na mkataba ungeokoka. Ustadha alilikataa hilo na Bi N pia. Kibiashara ulikuwa uamuzi ghali. Kwake, kulipa kidogo kidogo kwa mwaka mzima kulikuwa sehemu ya kupona, na sidhani ningekuwa na haki ya kumpunguzia.

Kisichokwisha ni uzazi. Amebakiwa na mrija mmoja, anaweza kushika mimba, na uwezekano wa kutunga nje tena kwake ni mkubwa kuliko kwa wengine, kwa hiyo mimba yoyote itahitaji kupimwa kwa picha mapema sana. Analijua hilo. Hatujalizungumza kwa kina, na mara mbili nilizojaribu alibadili mazungumzo.

Nyongeza

Rasimu ilikwisha kuwa tayari alipokuja kwa kikao cha miezi mitatu. Wiki iliyotangulia alikuwa akiandaa zabuni ya pili ya mwaka. Siku ya mwisho, asubuhi, bega likamuuma. Bega lile lile. Aliangalia makabrasha, akaangalia saa, akafunga kalamu nyekundu na kwenda hospitali. Walimpima mimba, wakampiga picha ya tumbo. Hakuna kitu, msuli tu. Alifika ofisini kwa wateja saa kumi na nusu jioni, mlango umefungwa.

Nilimuuliza alijisikiaje.

"Imeniuma," akasema, akicheka na kutikisa kichwa. "Tena sana. Zabuni ile nilikuwa naishinda."